Nina miaka 51, niko Malindi, najifunza Kireno na sina Mreno hata mmoja wa kuzungumza naye

#1 FundiPampu (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanabaraza, na hamjambo nyote.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Visima, tangi, mabomba, ndiyo kazi yangu, na kwa maji ya chumvi ya hapa kwetu pampu haziachi kuharibika, kwa hivyo riziki inapatikana. Mwaka na miezi minne sasa, kila siku nikishasali alfajiri, nakaa ukumbini na daftari la kurasa 96 najifunza Kireno. Dakika 25. Siku ambayo sina kazi ya mapema, hata saa nzima.

Mke wangu mwanzo alidhani nimepata mtu Brazil mtandaoni. Alipochungulia akaniona kweli naandika "eu sou, tu és, ele é" kama mtoto wa chekechea, akanionea huruma, akaniletea chai. Wanangu wamenizoea. Wasionizoea ni watu wa nje, na swali lao ni moja tu: itakulipa nini?

Si swali la kijinga. Mnaujua mji huu. Waitaliano walikuja na mitambo yao ya roketi pale Ngomeni, wakarusha setilaiti kutoka baharini 1967, na ile iliyoitwa Uhuru wakairusha tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu yetu ya uhuru. Wengine wakaja kwa pwani na jua, wakajenga, wakafungua hoteli na maduka ya aiskrimu. Hadi leo mtoto wa Malindi anaweza kukuhesabia kwa Kiitaliano kabla hajaijua jedwali ya saba. Lugha hapa ni kama jembe, unaichukua ukalime.

Mimi nilichukua jembe hilo 1991, nina miaka 17, nikiuza vinyago ufuoni. Miezi sita nilikuwa naongea. Bei, sifa, na uongo mdogo mdogo. "Ni mpingo halisi, bibi, babu yangu ndiye amechonga." Kumbe ni mti mwingine umepakwa rangi ya viatu. Niliacha biashara ile zamani, lakini nikifungua mdomo kwa Kiitaliano leo, mashavu yananyanyuka yenyewe. Lile tabasamu la kuuza halijaondoka. Miaka yote hiyo sijawahi kumwambia mtu kwa Kiitaliano kwamba nimechoka, au kwamba mvua ya jana imenikumbusha mama. Nani angenunua?

Kireno kilianzia kwenye karata. Tuko barazani, turufu ni kopa, mpwa wangu wa miaka kumi anatazama. Akauliza: "Ami, shupaza ni nini?" Nikamwonyesha ile karata. "Hiyo naiona. Maana yake nini?" Wazee watano pale, wote tunacheza tangu utoto, hakuna aliyejua. Usiku nikatafuta. Espadas, panga za vitani. Uru ni ouro, dhahabu. Pao ni gongo. Kopa ni copas, vikombe, maana karata za zamani za Wareno zilichorwa vikombe, sisi tukaja kuona picha ya moyo tukaendelea kuuita kikombe. Na turufu yenyewe ni trunfo yao. Yaani miaka arobaini nimekaa barazani nikipiga kelele kwa Kireno!

Sikulala. Nikalikumbuka kasha la marehemu baba, alikuwa seremala. Kasha: caixa, x yao inasomeka "sh". Ndani yake parafujo: parafuso. Kwangu kazini kuna bomba: wao pampu ndiyo wanaiita bomba. Roda ya kuvutia ndoo kisimani: roda, gurudumu. Foronya ya mto niliolalia: fronha. Birika ambalo bibi yangu aliliita kanderinya: caldeirinha. Leso ya mke wangu: lenço. Meza wao wanaiandika kwa s, mesa, lakini s hiyo ikiwa katikati ya irabu wanaitamka z, kwa hivyo hata matamshi hatukubadilisha. Kulipokucha nikanunua daftari.

Sitafuti kazi. Siendi Lisbon. Nauliza tu kama kuna mwingine humu anayejifunza lugha isiyomlipa chochote, na siku ukichoka unafanyaje.

#2 TajiriMtarajiwa

Mzee, kwa heshima zote, hizo dakika 25 kwa mwaka ni pesa. Kijerumani, mzee! Tangu serikali itiane saini na Ujerumani Septemba 2024 kuhusu wafanyakazi, madarasa yamejaa. Mimi niko ngazi ya B1. Fundi wa pampu kule anatafutwa kwa tochi. Wewe unasoma lugha ya waliochoka miaka mia tatu iliyopita.

#3 MamaPacha

Mwacheni mzee wa watu. Mimi najifunza Kikorea, na sababu yangu ni ya aibu kuliko yake: tamthilia.

Nilikuwa natazama na maandishi ya Kiingereza chini. Siku moja msichana akasema neno dogo, mama mkwe akageuka kama aliyepigwa kofi, nami chini nasoma "unataka nini". Nikajua hapa nimeibiwa. Kumbe Kikorea kitenzi cha kumwambia mkubwa na cha kumwambia mwenzio havifanani, na yule msichana alikuwa amemwondolea heshima yote mama wa watu kwa silabi moja. Hebu fikiria mtu akutafsirie mchezo wa Kiswahili halafu shikamoo aiandike "mambo". Tangu siku hiyo nikaanza.

Herufi zake msiziogope. Zilitungwa zama za mfalme Sejong, zikatangazwa 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma, na baadhi zimechorwa kwa kufuata ulimi na midomo inavyokaa unapotamka. Ziko 24. Mimi zilinichukua siku nne, nikikaanga viazi. Sarufi ndiyo bado inaninyonga. Lakini sasa nikitazama najua ugomvi utaanza kabla mume wangu hajajua, na raha hiyo Bwana B1 hawezi kuniuzia.

Ukichoka mzee, acha siku mbili. Ukiona hujarudi siku ya tatu ndio ujue hukuipenda.

#4 FundiPampu

Bi MamaPacha umenifariji. Mimi nikichoka huwa nasoma majina ya samaki tu.

TajiriMtarajiwa mwanangu, hawajachoka. Kireno ni lugha ya Brazil, Angola, Msumbiji, Cabo Verde. Na B1 yako nakupongeza kweli, sikejeli. Endelea.

#5 Wa Mkomani

Nimesoma. Sikupenda.

Mimi niko Amu, ndiyo Lamu, mamangu mtu wa Faza, kisiwani Pate. Wewe fundi unatuhesabia leso na foronya kama zawadi za harusi. Mwaka 1587 Wareno waliingia Faza kwa kuwa watu wake walimpokea Mturuki Mir Ali Bey. Waliua, wakachoma mji, wakakata minazi. Miaka miwili baadaye mfalme wa Amu wakamkata kichwa. Hayo hayamo kwenye kasha la baba yako?

Nami najua lugha ya kujifunza bila malipo. Tangu udogo nimesoma Kiarabu, nahau na sarufi, mbele ya maalim, na shilingi hakijaniingizia. Lakini kile kina ilimu yake na dini yake. Kireno kina nini? Hata neno gereza ni lao. Wametuachia jela.

#6 Kibokoni

Ahsante shehe wa Amu. Na mimi Mvita niongeze kidogo: mji wetu waliuchoma 1505, wakarudi 1528, wakarudi tena 1589. Na nani aliwapa rubani 1498? Malindi. Nani sheikh wake aliletwa kukalishwa kwetu baada ya sisi kuvunjwa? Wa Malindi. Kwa hivyo sishangai Kireno kuota tena huko huko, mbegu ilikuwa ardhini.

(Natania kidogo tu, fundi. Kidogo.)

#7 FundiPampu

Nimekaa na maneno ya shehe tangu jana. Nimefungua pampu mbili leo na bado nayafikiria.

Kwanza, sikatai hata moja. Faza ilichomwa. Mvita ilichomwa. Na sisi Malindi tulifungua mlango, ni kweli, kwa sababu tulikuwa na ugomvi na Mvita, na adui wa adui yako alipotokea baharini tukamwona rafiki. Ile nguzo yenye msalaba wa mawe ya Lisbon bado iko pale kwenye ncha, napita karibu yake kila wiki.

Gereza nilitaka kuliandika kwenye chapisho la kwanza nikaona refu. Ni igreja, na maana yake si jela. Ni kanisa. Wanaochambua maneno wanasema lilitokana na kanisa lililokuwa ndani ya ngome, watu wetu wakaita ngome nzima gereza, kisha ngome zikawa mahabusu. Fort Jesus imefunga watu tangu 1895 hadi 1958. Ngome yenu ya Amu, ambayo Wareno hawakuijenga wao, imekuwa jela 1910 mpaka 1984. Kwa hivyo neno limetoka kwa padri likaishia kwa askari jela, na njia yote hiyo limepita mikononi mwetu. Mimi sikusema ni zawadi.

Sasa shehe, uliuliza Kireno kina nini. Nitakwambia kimenipa nini, halafu uamue.

Mmoja wa waliokuwamo katika meli za Vasco da Gama aliandika daftari la safari. Liko mtandaoni, kwa Kireno cha wakati ule, maandishi yake yamepinda pinda. Nilipofika mwezi wa kumi wa kusoma nikajitia ushujaa nikaifungua sehemu ya Aprili 1498. Malindi wao wanaiita Melinde. Nilisoma mstari mmoja kwa siku, kamusi pajani. Anasema nyumba zetu ni ndefu, zimepakwa chokaa nyeupe, zina madirisha mengi. Na kabla ya hayo anasema mji huu unafanana na Alcochete. Nikasimama. Alcochete ni nini? Nikatafuta: mji mdogo ng'ambo ya mto, upande wa pili wa Lisbon. Yaani huyu bwana amesafiri miezi tisa, amezunguka Afrika nzima, wenzake wamevimba ufizi kwa ugonjwa, anafika kwetu na kitu cha kwanza kinachomjia ni mji mdogo wa nyumbani kwao. Amekumbuka kwao. Nami nilikuwa nimemzoea kwa jina la mvamizi tu. Ni mvamizi. Na amekumbuka kwao.

Nikarudi nyuma kidogo. Mfalme wetu akaja kwa jahazi, nguo ya dimashki yenye atilasi ya kijani, kilemba cha fahari, mwavuli wa atilasi nyekundu juu yake. Na wapigaji tarumbeta. Kisha nikakuta "buzinas". Mimi buzina nilijifunza kwenye somo la barabara: ni honi ya gari! Nikacheka peke yangu alfajiri mpaka mke wangu akatoka. Mfalme wa Malindi na honi mbili. Nikasoma mbele: za pembe ya ndovu, urefu wa mtu, zimenakshiwa sana, na zinapulizwa kwenye tundu lililo ubavuni.

Shehe, wewe wa Amu unajua nilichokisoma hapo.

Hakuna mtu aliyenieleza. Hakuna mwongozaji wala kibao cha makumbusho. Nililifikia mwenyewe, kwa neno moja moja, na mwandishi hakujua jina lake ila mimi nilijua. Nilikaa pale na chai ikapoa.

#8 DadaKaloleni

Uzi mzuri, na fundi anaandika vizuri. Lakini nina swali la kijirani.

Umeishi Malindi miaka 51. Nusu ya mji ni sisi. Kigiriama unakijua?

#9 FundiPampu

Dada, umenipiga penyewe.

Najua salamu. Najua kuuliza bei ya mahindi, ya kuni, ya mnazi. Najua kumwambia kijana achimbe zaidi hapa, asichimbe pale. Nikifika kwenye habari za msiba au za mtoto, narudi Kiswahili nao wananifuata, kwa sababu wao wanajua changu.

Nimeandika hapo juu kwamba Kiitaliano changu ni cha kuuza tu. Kwa Kigiriama mimi ndiye Mwitaliano. Sijui niseme nini zaidi.

#10 DadaKaloleni

Usiseme. Geuza daftari uanzie nyuma. Vijana wanaokuchimbia visima ndio maalim wako, na hawatakutoza.

#11 TajiriMtarajiwa

Huu uzi umeniudhi kwa njia nzuri.

Nikiri kitu. Kijerumani changu nimefaulu, karatasi ninayo. Najua kusema mgonjwa ana homa, ageuke ubavu, ameze kidonge baada ya kula. Juzi mwalimu alituwekea mchekeshaji wa kwao. Darasa zima watu kumi na wanane, hakuna aliyecheka, tunatazamana. Mwalimu mwenyewe anafuta machozi kwa kicheko. Nikajiona kama mtu aliyealikwa harusi akaonyeshwa mlango wa jikoni.

Bado nasema tafuta pesa. Lakini mzee, ulianza vipi? Kuna programu ya simu?

#12 FundiPampu

Nilianza na programu ya bure, ina kengele na nyota kila ukipata sahihi. Miezi miwili ikanifundisha vizuri, halafu nikagundua inafundisha matamshi ya Brazil, ambako "de" inakuwa kama "ji". Si vibaya, ni laini hata. Lakini mimi nilitaka kile cha Ulaya kwa sababu ya daftari, nikahamia redio. Iko RDP África, inasikika kwa intaneti, taarifa za habari za Afrika. Mwezi wa kwanza nilisikia upepo tu. Wareno wa Ulaya wanameza irabu! "Menino", mtoto, utasikia "mninu". Kwa sisi ambao kila irabu tunaipa haki yake, ni mateso. Ulimi wako unataka kuwarudishia herufi walizozila.

Mambo mengine Kiswahili kimenisaidia. Wanaosoma kutokea Kiingereza wanalia na jinsia mbili za nomino. Sisi tuna ngeli, mbili zinatutisha nini? Na wanalia zaidi na "ser" na "estar", vitenzi viwili vya kuwa. Mimi nilikipata kwa pampu. "A bomba é velha", pampu ni nzee, ndivyo ilivyo, hilo halina spana. "A bomba está avariada", pampu iko mbovu, leo, na mimi ndiye niliyeitwa. Ni na iko. Mwalimu wa kwenye video alichukua dakika ishirini na vibonzo kulieleza hilo.

Na kuna moja lililonifurahisha bure. Kofia ya kizungu wazee wetu waliiita chepeo. Kireno cha leo chapéu kinatamkwa "shapeu". Mbona sisi tuna ch? Kwa sababu karne ya 16 wao wenyewe walitamka ch. Wao wamebadilika, sisi tumewahifadhia sauti yao. Nilimweleza mteja mmoja hili nikiwa ndani ya kisima, akaniambia fundi, maji lini?

Kuna aliyeniandikia inboksi kwamba pesa pia ni Kireno. Sivyo, hiyo ni paisa ya Kihindi. Tusiwape kila kitu.

#13 NgamboYaRuvuma

Wakuu, salamu kutoka Mtwara. Nimechelewa ila uzi huu ni wangu kabisa.

Sisi huku ndugu zetu wako ng'ambo ya mto, Palma na kwingineko Cabo Delgado. Shangazi yangu akija msibani anachanganya Kimakonde, Kiswahili na Kireno kwenye sentensi moja na kila mtu anaelewa. Kule pwani yao, kisiwa cha Ibo, kuna Kimwani, ukikisikiliza haraka utadhani ni Kiswahili kinachotoka chumba cha pili.

Fundi, hukutaja kwamba mkopo ulikwenda pande zote. Kireno cha Msumbiji shamba ni "machamba". Wamechukua mashamba yetu, na wingi wake, wakaufanya umoja. "Uma machamba", mashamba moja! Na kifungua kinywa wanaita "matabicho", maana yake ua mdudu. Yaani asubuhi unaamka kuna mdudu tumboni, unamuua kwa chai na mihogo. Shangazi akisema "nimeshaua mdudu" sisi watoto tulikuwa tunatafuta mende.

Hukuwa na Mreno wa kuzungumza naye? Shangazi ana simu, na ana maneno. Nitamrekodi nikutumie, umjibu. Nakuonya, hana haraka na hana kituo.

#14 FundiPampu

Mkuu, nitumie hata leo.

#15 FundiPampu

Nimeipata. Dakika sita na nusu. Nimeisikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilishika "machamba" na "Deus" na nikaogopa. Mara ya nne nimeelewa kuna mbuzi, mbuzi ameingia kwenye machamba ya jirani, jirani amekasirika, na shangazi haoni kosa la mbuzi. Sehemu ya mwisho analalamika kuhusu mvua au kuhusu mkwe, sina hakika, maneno yanakaribiana kwa jinsi anavyoyasema.

Nilimjibu dakika moja. Nilimwambia jina langu, kwamba natengeneza pampu, na kwamba mvua ya Malindi mwaka huu ilichelewa na mama yangu alikuwa akiipenda mvua ya usiku. Nikaituma bila kuisikiliza, maana ningeisikiliza ningeifuta.

Mashavu hayakunyanyuka.

#16 NgamboYaRuvuma

Shangazi amesikiliza. Anasema unaongea kama padri mzee, na kwamba ni mkwe, si mvua. Anakuuliza mbuzi unafuga?

#17 MamaPacha

Nimecheka mpaka viazi vimeungua.

#18 Wa Mkomani

Fundi, nimerudi. Nilikaa kimya si kwa hasira.

Hiyo uliyoisoma ni siwa, baragumu la wafalme wetu, sina haja ya kukwambia. Ziko mbili kwenye makumbusho hapa Amu. Ya pembe ni ya Pate, ya shaba ni yetu. Tundu liko ubavuni kama alivyosema huyo bwana wako. Nimepita mbele yake tangu mtoto, nimeisikia ikisifiwa na wazee kwa mashairi, na sikujua kwamba kuna mgeni aliyesimama baharini 1498 akaiona ya Malindi ikipulizwa, akaenda akaandika. Ya kwenu iko wapi sasa?

Neno la Faza siliondoi. Lakini ningependa unisomee huo mstari, kwa maneno yao, mbele ya siwa yenyewe. Kisha unitafsirie, mimi nitaangalia kama amesema kweli.

#19 FundiPampu

Shehe wangu, ya kwetu sijui iliko, na hilo nalo limeniuma.

Nitakuja. Nitapanda basi la alfajiri mpaka Mokowe, niingie mashua. Naomba nisije kuonekana nimekuja kufundisha watu wa Amu habari za siwa. Nitasoma tu. Nitakuja na karata pia kama mna baraza la jioni.

#20 Kibokoni

Mkifika kwenye turufu mtuite na sisi Mvita. Tumewasamehe nusu.

#21 Wa Mkomani

Baraza lipo, na kahawa. Gereza usilieleze mbele ya watu wa Faza mpaka washibe.

Na ukija beba spana zako. Pampu ya kisima cha msikiti wetu inalia usiku kucha kama hiyo buzina.

#22 FundiPampu

É velha, au está avariada?

#23 Wa Mkomani

Hayo mimi siyajui. Inalia.